Miguu Mitatu ya Mbuzi

Mwalimu Munee ametupa kazi ya kuandika: masomo yetu, tunachokipenda tukiwa nje ya darasa, na kazi tunayoitaka huko mbele. Wenzangu wameshamaliza. Nimewachungulia. Wote wanapenda kusoma vitabu na kuogelea, na wote wanataka kuhudumia jamii. Uongo mtupu! Nusu yao ukiwatupa majini leo utawaokota ufukweni kesho. Mimi naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa plasta, na mkono wa kushoto hauna nguvu za kupamba maneno. Utayasoma yalivyo, Mwalimu. Ukitaka kunipa sifuri, nipe.

Naitwa Nusaiba. Kwetu ni Munje. Niko mwaka wa pili hapa Msambweni, nasomea uafisa wa kliniki. Ninachokipenda nje ya darasa ni kupiga watu.

Usishtuke. Napigana kwa glavu, Ukunda, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mbao. Kocha wetu ni Kilonzo, Mkamba aliyekuja pwani kulinda hoteli akabaki kufundisha ndondi. Nilianza baada ya mwanamume mmoja kunishika kiuno stendi mchana kweupe, watu wakitazama, nami nikashindwa kumfanya lolote. Nililia wiki nzima, kwa hasira, si kwa aibu. Siku ya kwanza Kilonzo aliniuliza, "Kwani wewe na hijabu yako unataka nini hapa?" Nikamwambia nataka kujua kupiga. Miezi sita baadaye nilimvunja pua mlinzi mmoja aliyekuja mazoezini kunicheka. Damu ilimchirizika mpaka kwenye fulana. Nikamrudishia pua mahali pake mimi mwenyewe, maana somo la pua tulikuwa tumelimaliza wiki ile. Nakwambia kweli: kumvunja kulinifurahisha, na kumtengeneza kukanifurahisha vile vile. Mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Kilonzo alikuwa na wimbo mmoja tu. "Nusa, funga mikono kwanza! Hiyo mifupa haina spea. Na si unataka kuwa daktari?" Kabla ya kuvaa glavu unatakiwa uzungushie mikono vitambaa, na mimi nilikuwa mvivu. Nilimjibu kwamba stendi mtu hakungoji ufunge vitambaa.

Sasa masomo. Mwezi wa tatu tulipelekwa chumba cha dharura. Watu wa mbali wanadhani kwetu ni mchanga mweupe na watalii. Waje wakae pale Jumamosi moja. Huyu amekatwa panga kwa sababu ya mpaka wa shamba, huyu amepasuliwa kichwa kwa chupa, na mwanamke ameng'atwa sikio na mumewe, na mume huyo huyo ndiye aliyemleta, amelibeba sikio kwenye kikombe. Wenzangu walikuwa wakitoka nje kutapika. Mimi nilikuwa nikisogea mbele. Nilikipenda chumba kile tangu siku ya kwanza.

Shida yangu ilikuwa moja, kushona. Afisa aliyekuwa akitusimamia alikitazama kidonda cha kwanza nilichokishona, kwenye paja la mvuvi, akasema mbele ya wote, "Wewe unashona au unafunga gunia la makaa?" Wakacheka. Hata mvuvi akacheka, na paja lake liko mikononi mwangu! Nikaapa nitashona mpaka yule afisa aone haya.

Ndipo nikanunua miguu ya mbuzi. Mwanafunzi wa tiba akitaka kuzoeza mkono, hiyo ndiyo njia rahisi. Nilimwambia muuza nyama asiibabue, aniachie ngozi yake, akanitazama kwa jicho la wasiwasi lakini akanifungia mitatu. Nikaenda nayo nyumbani kwa Babu.

Babu yangu, Mzee Kibwana, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka tisa. Alikuwa mkwezi wa minazi, na nyayo zake zina sugu hadi leo. Ni mtu mpole ila kwa jambo moja, chakula. Ukitupa ukoko wa wali mbele yake utasikia hotuba mpaka magharibi. Mguu wa mbuzi kwake ni supu, ni neema ya Mungu, na kuuchoma sindano kwa mchezo ni kufuru. Basi nikangoja aende Tiwi kwenye hitima ya jamaa yetu, nikakaa nyuma ya jiko peke yangu, nikaanza.

Mguu wa kwanza niliushona mishono ya mmoja mmoja. Wa pili, mshono wa mfululizo. Wa tatu, ule wa kwenda na kurudi unaozuia kidonda kisifunuke, na hapo sindano ikanivunjikia ndani ya nyama, nikashindwa kuitoa. Kila mguu niliukata kwanza, nikaupaka ile dawa ya kahawia tunayooshea vidonda, nikaushona kwa uzi mweusi, nikaubandika utepe wenye namba, moja, mbili, tatu, ili nilinganishe mishono. Kisha nikaufunga bendeji nyeupe safi, maana kufunga nako ni somo. Kazi nzuri, wallahi! Mara nikamsikia Babu njiani akiitikia salamu za watu. Sikutaka makelele. Nikachimba shimo chini ya mdimu, nikaifukia yote mitatu, nikanawa mikono. Sikumwambia mtu. Kosa liko hapo, na ni langu.

Siku nne baadaye mtoto wa Adnan akafa. Adnan ni mwana wa ami yangu, kwa hiyo yeye naye ni mjukuu wa Babu, na nyumba yake iko mbele tu ya nyumba ya Babu. Anaendesha bodaboda Diani. Tumekua pamoja na tumepigana sana tukiwa wadogo, na yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Mtoto wake alikuwa na miezi saba. Aliamka na homa, adhuhuri akashikwa na degedege, na kabla ya alasiri alikuwa ameshakwenda. Babu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Alikuwa mtoto wa tatu wa Adnan.

Jumapili, msiba haujapoa, mbwa wa watu akafukua chini ya mdimu. Akauburuta mguu mmoja mpaka mlangoni kwa Adnan. Adnan akaufungua. Hebu ufikirie na wewe, Mwalimu: nyama iliyooza, imeshonwa kwa uzi mweusi, imepakwa kitu kilichokauka rangi ya damu, ncha ya sindano inachungulia. Na utepe wenye namba tatu.

Nilikuwa Ukunda mazoezini Muhsina aliponipigia simu. Muhsina ni dada yake Adnan, fundi wa nguo, mtu asiyejua ugomvi. Alikuwa akinong'ona.

"Nusaiba, wamemtoa Babu nje. Wamefukua na vingine viwili. Wanasema ni uchawi, wanataka awataje wenziwe. Wamempa mpaka alasiri. Njoo, watamuua."

"Wamefukua nini?"

"Miguu ya mbuzi. Imefungwa sanda."

"Waambie ni yangu! Muhsina, waambie ni yangu!"

"Nani atanisikiliza mimi? Njoo!"

Nikatoka mbio mikono mitupu, bila vitambaa wala glavu, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilimgombeza dereva wa watu. Nilijua ninachokikimbilia. Huku kwetu mzee mwenye mvi akishatajwa kwa uchawi, maneno yake hayana kazi tena. Nimewaona wodini. Wanaletwa wamekatwa kichwani, na wengine hawaletwi kabisa.

Nilikuta watu wapata thelathini uani, wengi ni jamaa zetu. Babu alikuwa amekaa chini. Kanzu imechanika begani, mdomo umepasuka, kofia yake imekanyagwa. Mbele yake gunia limetandikwa, na juu yake miguu yangu mitatu imepangwa kwa namba. Adnan alikuwa amesimama na panga mkononi, macho mekundu kwa kutolala.

"Shikamoo, Babu," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Marahaba, mwanangu. Rudi chuoni."

"Adnan, hiyo miguu ni yangu. Nilikuwa najifunza kushona vidonda. Ni masomo."

Adnan akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mbuzi aliyekufa anashonwa apone nini?"

"Haponi. Mkono wangu ndio unaozoea."

"Na namba?"

"Ni aina za mishono."

"Mimi nilipata watoto wangapi?"

Nikautazama ule utepe wa namba tatu.

"Nusaiba! Wangapi?"

"Watatu."

"Wa tatu yuko wapi?"

Nikaanza kueleza kwamba degedege haliletwi na mguu wa mbuzi, ni homa, huenda ni malaria, mtoto angepimwa damu. Nikamwaga maneno yote ya darasani, na kila neno lilizidi kuniharibia. Nilimwambia mtu aliyefiwa kwamba mwanawe angepimwa damu!

"Mbona ulifukia?" Aliyeuliza ni Kache, jirani yetu muuza mahamri. "Kitu cha masomo kinafukiwa kwa siri?"

"Niliogopa Babu atanigombeza kwa kuharibu nyama."

Wakacheka. Kache akapiga kofi mapajani. "Amemrithisha! Jamani hamuoni? Mzee anamfundisha, ndiyo maana akapelekwa kusomea mambo ya maiti!"

Nilikuwa nimekuja kumtoa Babu motoni, kumbe nimeutia moto mafuta. Jiwe likarushwa, likampata Babu shavuni, akayumba. Nikapiga ukelele, "Ni mimi! Nikateni mimi!" Hakuna aliyenitazama. Adnan akanyanyua panga.

Babu akainua mkono wa kushoto kujikinga kichwa. Panga likapiga chini ya kiwiko, na nikausikia mfupa. Hospitali huusikii, unaletewa umeshakatika. Damu ikatoka kwa kuruka, ikaniingia mdomoni.

Panga likapanda tena. Sikufikiri. Nikaingia chini ya mkono wa Adnan, nikaitupa ngumi ya kulia kwa uzito wote kuanzia kisiginoni, jinsi Kilonzo alivyonifundisha, ikatua kwenye taya. Vitu viwili vilivunjika kwa pamoja, taya lake na mkono wangu. Panga likaanguka, naye akaanguka.

Hapo ningeacha. Ngumi moja ilitosha, Mwalimu. Lakini nilimkalia kifuani nikampiga tena, na tena, na tena, kwa mkono ule ule uliovunjika, mifupa ikisagana ndani. Nilikuwa nikimpiga yule mwanamume wa stendi, na yule afisa na gunia lake la makaa, na Kache, na wote waliocheka. Meno mawili yakamtoka. Alikuwa akiliita jina la mwanawe. Na mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Nusaiba! Babu anakufa!"

Muhsina ndiye aliyenizindua. Nikageuka. Wakati nikimpiga mtu aliyekwisha kuanguka, damu ya Babu ilikuwa ikimwagika, na mchanga chini yake umekuwa tope. Mimi, mwanafunzi wa tiba! Nikajaribu kuukamata mkono wake, vidole vyangu vya kulia havikufunga. Nikamwambia Muhsina avue leso, aifunge juu ya kiwiko, apitishe kijiti, azungushe.

"Mpaka lini?" Alikuwa akilia na kuzungusha.

"Mpaka isitoke! Zungusha!"

Mimi nikakikandamiza kidonda kwa goti. Babu hakupiga kelele. Alikuwa akinitazama usoni tu, na uso wangu ulikuwa umejaa damu, yake na ya Adnan. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Pikapu ya muuza samaki ikatubeba wote, Babu, Adnan na mimi, na Muhsina katikati ameshika kile kijiti.

Babu aliishi. Yule afisa wangu aliingia thieta kusaidia, wakakaa saa tatu. Mkono umebaki, ila vidole viwili havipindi tena. Adnan amefungwa taya kwa waya, yuko wodi hiyo hiyo, vitanda vinne kutoka kwa Babu, mguu mmoja umetiwa pingu kitandani. Mimi nimevunjika mifupa miwili ya kiganja na mtihani wa kushona umenipita. Kilonzo alikuja kunitazama na machungwa. Akaiangalia plasta, akafungua mdomo aseme neno lake la siku zote, kisha akaufunga. Machungwa akayaweka kitandani kwa Babu.

Umeuliza kazi ninayoitaka. Nilitaka upasuaji, na nilitaka niufanyie hapa hapa, si Nairobi wala Mombasa. Nilitaka mzee wa Munje akianguka kutoka mnazini aseme, "Nipelekeni kwa mjukuu wa Kibwana." Basi, hicho tu. Wenzangu wanataka kuhudumia jamii, mimi nilitaka watu wa kwetu waniite kwa jina wakiwa wanavuja damu. Daktari wa mifupa ameniambia wiki sita mkono utakuwa sawa. Nikajiambia hakuna kilichoharibika. Babu yu hai, mkono utapona, mtihani nitaufanya mwezi wa nane. Nilikuwa nikijiambia hivyo mpaka juzi.

Juzi asubuhi nilimpelekea uji. Niliupika bwenini kwa mkono mmoja, uji wa mchele wenye tui na iliki, anavyoupenda. Nilimkuta amekaa, ameegemea mto. Tukaamkiana. Akakitazama kitanda cha Adnan, akashusha sauti.

"Nusaiba, nataka kukuuliza jambo. Usinikasirikie."

"Uliza, Babu."

"Ile miguu ya mbuzi. Ilikuwa ya nini hasa?"

Nilidhani hakunisikia vizuri siku ile kwa sababu ya vurugu. Nikamweleza upya, kuanzia kwa muuza nyama mpaka chini ya mdimu. Nikatoa daftari langu la darasani, nikamwonesha michoro ya mishono, huu wa kwanza, huu wa pili, huu wa tatu. Alizitazama kurasa zote kwa adabu, kwa mkono wake mmoja. Hasira ilinipanda, nikaimeza.

"Naam," akasema. "Nimekufahamu, mwanangu."

"Unaniamini?"

"Wewe ni mjukuu wangu."

Hilo silo nililomuuliza. Nikamimina uji kwenye kikombe, nikaupoza, nikampelekea mdomoni kwa mkono wa kushoto. Akageuza uso. Kidogo tu.

"Nimeshiba."

"Umekula nini, Babu? Tangu jana hujatia kitu tumboni."

"Nimeshiba, mwanangu. Weka hapo."

Nikaweka. Muhsina akaingia na kapu lake, ametoka kumnywesha kakake kwa mrija. Akamwamkia Babu, akamuuliza kama ameshakunywa uji.

"Bado," Babu akasema.

Bado! Na mimi nimekaa pale pale, goti langu linagusa kitanda chake, kikombe kinafuka mvuke. Nilimwangalia usoni, akashusha macho. Tangu nikiwa na miaka tisa mzee huyu amekula kwa mkono wangu na mimi kwa wake, na sijaumia maishani nilivyoumia asubuhi ile, si stendi wala mkono uliposagika. Muhsina hakujua kitu. Akafungua chupa yake, akammiminia uji wa mahindi uliobaki wa Adnan, hauna tui, hauna hata sukari, umekwisha kupoa. Akamshika kichwa kwa nyuma, akamnywesha.

Babu akanywa mpaka chini, akaomba wa pili.